Kuwasikiliza Waliosikiliza: Utangulizi wa Historia ya Upokezi wa Roki ya Kelele

Julai 1975 kampuni ya RCA ilitoa albamu ya Lou Reed iitwayo Metal Machine Music, santuri mbili katika jalada moja. Ndani yake hamna wimbo, hamna ngoma, hamna anayeimba. Magita yaliegemezwa mbele ya amplifaya yakaachwa yavume yenyewe kwa fidibeki, kanda zikabadilishwa kasi, zikalundikwa moja juu ya nyingine. Pande ni nne, na kila upande umeandikwa kuwa una dakika 16 na sekunde 1. Mwisho wa upande wa nne mfereji wa santuri umefungwa kama pete, hivyo sindano huzunguka palepale mpaka msikilizaji ainuke kuiondoa. Wanunuzi walirudi madukani kudai fedha zao, na haukupita muda albamu ikaondolewa sokoni. Katika Rolling Stone, James Wolcott aliikung'uta. Katika Creem, jarida la Detroit, Lester Bangs aliitangaza mwaka uliofuata kuwa albamu bora kuliko zote zilizopata kutengenezwa, na wasomaji wake bado wanabishana alikuwa akitania kwa kiasi gani.

Karibu, ndugu msomaji. Kama unapenda kelele za namna hii, utazoea upesi. Kama huzipendi, huenda ukafaidika zaidi, maana hutakuwa na upande wa kutetea. Humu hatusikilizi albamu peke yake, tunawasikiliza waliozisikiliza. Tunauliza nini kiliandikwa siku albamu ilipotoka, nani aliandika, alikuwa akimwandikia nani, na maneno hayo yaligeuka vipi baada ya miaka kumi, ishirini, hamsini.

Kila mgeni wa taaluma hii huja na swali moja mkononi: je, wahakiki walikosea? Nakuomba uliweke chini kwa muda. Swali hilo linachukulia kwamba albamu ina thamani yake iliyokwisha kukamilika, imelala ndani ya santuri ikingoja masikio mema, na kwamba kazi ya mhakiki ilikuwa kuibaini. Ukianza hapo utamaliza ukigawa medali na viboko kwa watu ambao wengi wao wamekwisha kufariki. Ni mchezo mtamu, lakini haufundishi kitu.

Anza na Hans Robert Jauss. Mwaka 1967, katika chuo kikuu kipya cha Konstanz huko Ujerumani, alitoa mhadhara wa kuwachokoza wanahistoria wa fasihi. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kazi hukuta wasomaji wake wakiwa na upeo wa matarajio: mazoea ya utanzu, kumbukumbu ya kazi zilizotangulia, na fikra zao za kila siku juu ya maisha. Historia ya kazi ni historia ya jinsi inavyogongana na upeo huo na kuusukuma. Jauss alikuwa akizungumzia vitabu, lakini waliosoma fasihi ya Kiswahili hawahitaji kuvuka bahari kumwelewa. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, mjadala uliolipuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko haukuhusu kama mashairi yale yalikuwa matamu. Ulihusu kama yalikuwa mashairi. Aliyekuwa na upeo wa vina alisoma ukurasa uleule akaona upungufu pale ambapo mwingine aliona uhuru. Ukiuelewa ugomvi ule, umekwisha kuelewa nusu ya yale yaliyompata Lou Reed.

Nusu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Nimesoma tahakiki hizi kwa miaka mingi, na nimefika kwenye dai moja ambalo ningependa ulijaribu mwenyewe kabla ya kulikubali: mhakiki wa albamu ya kelele mara nyingi hapimi kelele. Anapima umbali kati ya albamu hii na ile iliyoitangulia.

Tazama. Mwaka 1974 Reed alikuwa ametoa Sally Can't Dance, iliyoingia katika kumi bora za Marekani, nafasi ambayo hakuwahi kuifikia tena. Aliyenunua Metal Machine Music mwaka uliofuata alikwenda dukani kumtafuta mwanamume yule. Jalada lilimwonyesha Reed kama mwanamuziki wa roki aliye jukwaani, na muuzaji aliiweka kwenye rafu ileile ya roki. Reed mwenyewe alisimulia kwamba ilifikiriwa itolewe chini ya Red Seal, lebo ya RCA ya muziki wa kiklasiki. Jaribu kuwaza ingekuwaje. Santuri ileile, sauti zilezile, lakini anayeinunua ni mtu aliyekwisha kusikia miziki ya kanda na mivumo mirefu ya mtunzi La Monte Young. Sidhani kama wangekuwapo wengi wa kudai fedha zao.

Sasa mtazame Merzbow. Masami Akita wa Tokyo amekuwa akitoa kelele tangu 1979, na albamu zake ni mamia. Mwaka 2000 ulitoka mkusanyiko wake uitwao Merzbox, sanduku la diski 50. Pulse Demon ya 1996 ni kali kuliko chochote alichowahi kufanya Reed. Lakini huwezi kupata kashfa ya Merzbow, wala huwezi kupata gazeti kubwa lililomlaani kwa hasira ya mtu aliyesalitiwa. Kelele zake huwafikia wale waliokwenda kuzitafuta. Kama sauti yenyewe ndiyo ingekuwa chanzo cha ghadhabu, Akita angekuwa mtu aliyetukanwa kuliko wote duniani.

Mfano ninaoupenda kuufundishia ni Liars. Bendi hii ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2001, ikahesabiwa pamoja na Yeah Yeah Yeahs na The Rapture katika wimbi la New York lililorudisha punki ya kuchezeka: besi inayosukuma, ngoma zinazoinua miguu. Wahakiki waliikumbatia. Halafu wapiga besi na ngoma wakaondoka, mwimbaji Angus Andrew na mwenzake Aaron Hemphill wakampata Julian Gross, wakajifungia katika nyumba ya msituni New Jersey pamoja na Dave Sitek wa TV on the Radio, wakatoka na They Were Wrong, So We Drowned. Ilitolewa na lebo ya Mute mapema mwaka 2004. Ni albamu kuhusu wachawi: usiku wa Walpurgis, milima ya Harz nchini Ujerumani, wanakijiji wanaowashuku na kuwahukumu wanawake. Magita yanakwaruza kama kitu kinachoburutwa sakafuni, ngoma zinapigwa na mtu asiyejali kama unacheza au hapana, na sauti ya Andrew inatoka kama imo ndani ya pipa.

Rolling Stone waliipa nyota moja. Spin waliipa F, alama ya mwisho kabisa katika mizani yao. Magazeti mengine yaliikaribisha, baadhi kwa shangwe. Unapozisoma tahakiki kali kwa utaratibu, unaona jambo la kushangaza: hazizungumzii wachawi sana. Zinazungumzia kilichopotea. Mwandishi anaomboleza besi. Anaorodhesha vitu ambavyo havimo, naye anaifahamu albamu ya kwanza kuliko hii aliyopewa kuisikiliza. Nami simlaumu hata kidogo. Mhakiki wa jarida la mwezi hupewa nakala wiki chache kabla, huisikiliza pamoja na nyingine kumi, huandika maneno mia moja na ushee, na msomaji wake anataka kujua jambo moja tu: nilipenda ile ya kwanza, je, ninunue na hii? Kwa swali hilo nyota moja ilikuwa jibu la kweli.

Miaka miwili baadaye walitoa Drum's Not Dead, iliyotengenezwa Berlin, nayo ikapokewa kwa heshima kubwa. Haikuwa rahisi zaidi kusikilizwa. Sehemu zake nyingi ni ngoma na mivumo tu, na hadithi ya wahusika wawili wanaoitwa Drum na Mount Heart Attack. Lakini safari hii albamu iliyotangulia ilikuwa ile ya wachawi. Umbali ulikuwa mfupi. Ile iliyopewa F ndiyo iliyofungua njia kwa iliyofuata, na hapo ndipo watu walipoanza kuirudia na kuisikia upya.

Kuna usemi ambao ningeupiga marufuku katika tasnifu zote za wanafunzi wangu kama ningekuwa na mamlaka hayo: kwamba albamu fulani "ilikuwa mbele ya wakati wake." Usemi huu unamwondoa mtafiti kazini. Unadai kwamba wakati wenyewe ulifanya kazi ya kuisafisha albamu, kama mvua inavyosafisha paa, na hakuna mtu aliyeshika ufagio. Lakini watu wapo kila mara, na majina yao yanajulikana.

Chukua White Light/White Heat ya Velvet Underground, bendi ya awali ya Lou Reed, albamu ambayo wengi huiona kuwa chimbuko la roki ya kelele. Ilirekodiwa New York mwezi Septemba 1967, ikatolewa Januari 1968, ikagusa nafasi ya 199 katika orodha ya albamu za Billboard, kisha ikazama. Kipande chake cha mwisho, "Sister Ray", kinazidi dakika 17. Kilirekodiwa mara moja bila kurudia, huku kila mwanamuziki akijaribu kumfunika mwenzake kwa sauti. John Cale alipitisha kinanda chake katika amplifaya ya gita, akawa anapambana na magita ya Reed na Sterling Morrison, na Maureen Tucker akishikilia mdundo kama mtu aliyebebeshwa nguzo. Reed alipenda kusimulia kwamba fundi mitambo aliwaambia hawezi kuvumilia kusikiliza, akawasha kinasa sauti akatoka nje. Kama kisa hicho ni cha kweli, basi upokezi wa albamu ulianza kabla haijamalizika, na tahakiki yake ya kwanza iliandikwa kwa mlango uliofungwa.

Simulizi lililozoeleka ni kwamba hakuna aliyewaelewa. Lakini ukifungua Crawdaddy, jarida aliloanzisha Paul Williams mwaka 1966, utakuta kwamba mwaka uleule wa 1968 Wayne McGuire alichapisha insha ndefu yenye sifa zisizo na breki, akiwaweka Velvet Underground juu ya karibu kila mtu wa zama zao. Lester Bangs aliwabeba mgongoni miaka yote ya mwanzo ya sabini. Walioelewa walikuwapo tangu siku ya kwanza, ila walikuwa wachache na majarida yao hayakufika mbali. Kilichobadilika baadaye ni nani aliyeshika kalamu. Vijana waliosoma Bangs wakiwa shuleni walikua wakawa wahariri, na kufikia mwaka 2003 albamu ile ilikuwa imo katika orodha ya Rolling Stone ya albamu 500 bora, katika gazeti ambalo halikuwa na haraka ya kuwasifu ilipotoka.

Hapa kuna mtego mwingine. Nicolas Slonimsky alikusanya mwaka 1953 kitabu cha matusi ambayo wahakiki waliwatupia watunzi wakubwa tangu enzi za Beethoven. Ni kitabu cha kuchekesha mno, nacho kimeacha maradhi. Wasomaji wake wengi huondoka wakiamini kwamba kutukanwa ni dalili ya ukuu. Wanasahau kwamba Slonimsky aliwachagua walioshinda. Albamu za kelele zilizotukanwa zikastahili, zikasahauliwa, zikabaki katika masanduku ya vitu vya bei ya kutupa, ni nyingi kuliko zilizofufuka, na hakuna anayezitolea toleo la maadhimisho. Ukitaka kufanya kazi yenye uzito katika uwanja huu, chagua angalau albamu moja ambayo haikuokolewa na mtu, uisome pamoja na hizi mashuhuri.

Kuhusu alama nitakuwa mfupi, ingawa wanafunzi wanazipenda kwa kuwa zinahesabika. Robert Christgau alianza kugawa herufi katika safu yake ya Village Voice mwaka 1969, kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Pitchfork, iliyoanzishwa katika miaka ya tisini, ikaleta mizani ya kumi yenye desimali. Mwaka 2000 iliipa NYC Ghosts & Flowers ya Sonic Youth alama 0.0, na baadaye mwandishi wake, Brent DiCrescenzo, akajitenga hadharani na hukumu hiyo. (Bendi ilikuwa imeibiwa vyombo vyake karibu vyote mwaka uliotangulia, yakiwemo magita yaliyokuwa yamerekebishwa kwa nyuzi na mikao ya pekee kwa karibu miongo miwili. Unaposoma tahakiki za albamu ile, angalia ni ngapi zinalitaja jambo hilo.) Halafu ikaja Metacritic mwaka 2001, ikageuza nyota, herufi na desimali zote kuwa namba moja kati ya 100. Kwa albamu ya kelele wastani huo ni hatari. Sitini inaweza kumaanisha wahakiki kumi waliosinzia, au watano waliotoa tisini na watano waliotoa thelathini, na kwa mtafiti hizo ni historia mbili zisizofanana hata kidogo. Chora mtawanyiko kwanza. Wastani unaweza kungoja.

Lugha ya tahakiki inahitaji subira zaidi. Mhakiki wa nyimbo ana vifaa vingi: kiitikio, daraja, sauti ya juu, maneno. Mhakiki wa kelele ananyang'anywa vyote, naye hukimbilia karakana. Utakutana na misumeno, kekee, majokofu, injini za ndege, machinjio. Kutukana na kusifu hutumia orodha ileile, na mara nyingi usingejua mwandishi yuko upande gani kama ungeondoa vivumishi viwili au vitatu. Desturi hii ni kongwe. Luigi Russolo alichapisha ilani yake ya sanaa ya kelele huko Milano mwezi Machi 1913, akazigawa kelele katika jamaa sita, akaunda mashine za kuzitoa. Alipozionyesha mbele ya hadhira mwaka uliofuata, ukumbi uligeuka uwanja wa ngumi. Jacques Attali, katika Bruits ya 1977, alikwenda mbele zaidi akadai kwamba kelele ya leo hutabiri jamii ya kesho. Mimi namwona Attali mwandishi mtamu kuliko alivyo mwanahistoria wa kuaminika, lakini msome, kwa kuwa kila unayemsoma baadaye atakuwa amemsoma. Paul Hegarty, katika Noise/Music ya 2007, anakupa ramani iliyotulia. David Novak, katika Japanoise ya 2013, anafanya jambo ambalo ningetamani lingefanywa zaidi: anawafuata wasikilizaji wenyewe, kaseti zao, maduka yao, na jinsi kelele za Osaka na Tokyo zilivyopewa jina zikiwa safarini kati ya Japani na Marekani.

Kuna wakati upokezi huibadilisha albamu yenyewe. Mwaka 2002 kundi la zeitkratzer lilipiga Metal Machine Music jukwaani Berlin kwa vyombo vya kawaida vya okestra, na Reed akajiunga nao mwishoni na gita lake. Ulrich Krieger, mpiga saksafoni, alikuwa ameketi na mwenzake Luca Venitucci wakazisikiliza zile dakika za fidibeki sekunde kwa sekunde na kuziandika kwa nota. Fikiria maana yake kwa wale waliosema mwaka 1975 kwamba ni takataka, au ni mzaha, au ni hila ya kumaliza mkataba. Santuri iliyorudishwa madukani sasa ina nota zake, ina wapigaji waliofanya mazoezi, na inaweza kupigwa vizuri au vibaya. Mimi binafsi upande wa kwanza wa santuri hunichosha mpaka leo, na toleo la zeitkratzer hulisikiliza hadi mwisho. Katika nota za Krieger nasikia fidla za juu na mabomba ya chini yakijibizana, mambo ambayo katika santuri yalinipita.

Mwisho, uwanja huu unapakana na nyumbani. Agosti 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, wanamuziki wawili kutoka mitaa ya metali ya Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Walikwishapitia bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura kabla ya kwenda Kampala kurekodi. Ni mayowe juu ya ngoma za kompyuta zinazokwenda kasi kuliko mkono wa mtu, na gita lililosagwa mpaka likawa kama upepo wa mchanga. Wahakiki wa Uingereza na Marekani waliipokea kwa sifa, wakati kumbi za muziki zimefungwa kwa ajili ya korona na bendi haiwezi kusafiri kujieleza.

Nakupa zoezi juu yake. Zikusanye tahakiki hizo, uzipange kwa tarehe, uhesabu zinapita sentensi ngapi kabla ya neno Nairobi au Afrika kutajwa, na zinapita ngapi kabla ya mtu kueleza sauti. Linganisha na tahakiki za bendi ya New Jersey yenye kasi ileile. Ukimaliza, rudi kwenye dai langu la umbali na uliulize kwa ukali: kama mhakiki hakuwa na albamu ya kwanza ya Duma ya kuilinganisha na hii, alipima umbali kutoka wapi? Nadhani wengi walipima kutoka kwenye picha ya Afrika Mashariki waliyokuwa nayo kichwani, na sifa inayotokana na mshangao wa aina hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini uleule tunaoutumia kwa matusi ya 1975.

Kisha kuna upokezi ambao haukuandikwa gazetini. Mashabiki wa metali wa Nairobi wamekuwa wakijaza vyumba vidogo vya baa kwa miaka mingi, wakiitwa waabudu shetani na majirani na wachungaji, wakibishana wao kwa wao kama kelele za kompyuta ni metali au ni usaliti. Hukumu zao zimo katika rekodi za simu, katika mabango yaliyobanduliwa ukutani, na katika vichwa vya waliokuwapo. Kazi hiyo haihitaji maktaba ya Konstanz. Inahitaji mtu anayejua Kiswahili, Sheng na Kikuyu, mwenye kinasa sauti na subira ya kukaa na watu wakisimulia. Anza na waliosimama karibu na spika. Wengi wao bado ni vijana, na namba zao za simu hazijabadilika.